Hadithi Isiyokwenda Mbele Mpaka Ujibu

Katika nyumba nyingi za Mabela Kiswahili husikilizwa zaidi kuliko kinavyosemwa. Bibi anauliza, "Ushakula, mwanangu?" Mjukuu ameelewa kila neno, na anajibu kwa Kiarabu kwamba ameshakula. Bibi naye ameelewa jibu, maana yuko Oman tangu miaka ya sabini, na mazungumzo yanaendelea hivyo hivyo, kila mtu na lugha yake, bila ya yeyote kukosa adabu. Kwa kuwa hapana ugomvi, hapana anayeshtuka. Lakini mjukuu huyo akija kuwa baba, hatakuwa na Kiswahili cha kuwauliza wanawe kama wamekula. Atakuwa na kumbukumbu ya sauti tu.

Sisi tunaoandika makala haya tuna rai moja ya kuileta mbele ya klabu, na tunajua itasikika ya ajabu. Tunaamini sehemu ya dawa ya jambo hili imelala mahali ambapo Mswahili hajazoea kwenda kuitafuta: katika michezo ya kompyuta ya zamani, ile ya Wamarekani ya miaka ya 1970 na 1980, ambayo mchezaji anakuwa mhusika ndani ya hadithi. Hatusemi michezo ya leo yenye picha kama sinema. Tunasema ile ya maandishi mengi na picha chache, ambayo ukimwonyesha mdogo wako atakucheka. Walimu wetu, tunaomba mtusikilize kabla ya kutikisa kichwa.

Tuanze na la kwetu. Msimulizi wa pwani hasimulii mpaka ajibiwe. Akisema "Paukwa!" na watu wakanyamaza, hapana hadithi usiku huo. Ile "Pakawa!" ya watoto ndiyo inayofungua mlango, na hata baada ya hapo hadithi huwa na mahali pa kuitikia, pa kuimba, pa kubisha. Edward Steere alipozikusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, alituhifadhia hazina, na hatuna budi kumshukuru. Lakini kitabu hakijui kama upo. Ukisinzia, kinakungoja. Televisheni haikungoji hata hivyo, inaendelea na mambo yake. Hadithi zetu zilipohama kutoka mkekani kwenda kwenye karatasi na kioo, maneno mengi yalisalimika. Kilichobaki nyuma ni kiitikio.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa kukaa mezani ambao kwa mtu aliyelelewa na ngano hauna ugeni mkubwa. Mmoja anasimulia: mko mbele ya mlango wa pango, ndani kunasikika mlio. Wengine wanajibu: mimi nawasha mwenge, mimi naingia, mimi nabaki nje na punda. Dadu zinarushwa kujua nani kafaulu na nani kaumia, kisha hadithi inasonga. Wachezaji wasiposema neno, msimulizi hana pa kwenda.

Vijana wa vyuo vikuu waliupenda mchezo huo hata wakataka kuucheza wenziwao wasipokuwepo, na chombo kilichokuwa karibu ni kompyuta za chuo. Katika Chuo Kikuu cha Illinois kulikuwa na mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Mwaka 1975 uliandikwa humo mchezo mmoja wa mapangoni ukafichwa kwa jina la pedit5, ili ufanane na faili la kawaida la kazi. Wasimamizi wakaufuta, ukarudi, wakaufuta tena. (Wanaosimamia maabara ya kompyuta chuoni kwetu wasituangalie vibaya, sisi tunasimulia historia tu.) Karibu na wakati huohuo Will Crowther, mwanaprogramu aliyependa kuingia mapangoni, alikuwa ameachana na mkewe na kuwakosa binti zake wawili. Akawaandikia mchezo unaoitwa Adventure, ambao pango lake alilitoa katika mapango ya kweli ya Mammoth, Kentucky. Mtoto anaandika maneno mawili, nenda kaskazini, chukua taa, na kompyuta inamweleza kilichotokea. Hapana picha hata moja. Tunaomba jambo hili likumbukwe: mojawapo ya mbegu za michezo yote hii ilikuwa mzazi aliyetaka watoto wake wamjibu.

Si yote iliyofuata ilikuwa na hadithi ya maana. Wizardry ya mwaka 1981, kazi ya wanafunzi wawili wa Cornell, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, inasema hivi: mchawi Werdna ameiba hirizi ya mtawala Trebor, amejificha ghorofa ya kumi chini ya ardhi, nendeni mkairudishe. Basi. Ukiyasoma majina hayo mawili kinyumenyume utajua waandishi walikuwa katika hali gani ya utani. Ngano moja tu ya sungura na fisi inaishinda hadithi hiyo kwa kila kipimo. Hata hivyo watu walikesha nayo, wakichora ramani zake kwenye karatasi za miraba, na asubuhi wakasimuliana nani alikufa ghorofa gani na kwa uzembe wa nani. Hadithi yenyewe waliitunga wao.

Mchezo unaotuhusu hasa ni Ultima IV, wa mwaka 1985. Mtungaji wake, Richard Garriott, alianza akiwa kijana wa skuli huko Texas, na mchezo wake wa kwanza uliuzwa katika mifuko ya plastiki. Ultima tatu za mwanzo zilikuwa za kawaida: kuna mwovu mkubwa, kamtafute, kamuue. Njiani wachezaji waliiba madukani na kuwaua wanakijiji wasio na hatia, kwa sababu kufanya hivyo kuliwafikisha haraka. Garriott akaanza kupokea barua, nyingine za wazazi waliosema kazi yake ni ya kishetani. Akakaa akafikiri michezo yake inamfundisha nini anayeicheza. Ultima IV haina mwovu mkubwa wa kuuawa mwishoni. Unachotakiwa ni kuwa mtu mwema, kwa fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitolea, heshima, maisha ya kiroho na unyenyekevu.

Unaanza mbele ya mwanamke mpiga ramli mwenye karata. Anakuuliza maswali saba, na kila swali linagonganisha fadhila mbili. Umetumwa kupeleka mfuko wa dhahabu ambao hakuna aliyeuhesabu. Njiani umekutana na maskini. Utampa sarafu moja, au utaufikisha mfuko kama ulivyokabidhiwa? Hapana jibu la makosa. Kwa majibu yako anaamua wewe utakuwa nani, mpiganaji, mshairi, au mchungaji wa kondoo asiye na kitu.

Kisha kuna duka la dawa za uganga, na muuzaji wake ni kipofu. Anataja bei, wewe mwenyewe unaandika unalipa kiasi gani. Ukiandika sarafu moja, anaipokea. Hakuna kengele inayolia, hakuna askari anayekuja mbio. Baada ya saa nyingi za kucheza, ukimwendea mwenye hekima aliyeko ngomeni kumuuliza umefika wapi katika ukweli, ndipo unapotambua kwamba siku zote ulikuwa ukiandikwa. Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani kabla ya hiki chuo kikuu hatakuwa mgeni wa wazo hilo.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Shaaban Robert. Katika Kusadikika ya mwaka 1951 na Adili na Nduguze ya mwaka 1952 majina ya watu ni majina ya tabia: Karama na Majivuno, Adili na Hasidi na Mwivu. Darasani tumefundishwa kuwaita wahusika bapa, na ni kweli, ukiwapima kwa vipimo vya riwaya ya Ulaya wanaonekana hawana unene. Nasi tunauliza kama kipimo ndicho chenyewe. Katika Ultima IV nafasi ya Adili imeachwa wazi makusudi, na anayeijaza ni wewe. Mtu bapa anapata unene mara tu wewe unapoingia ndani yake na kuanza kusitasita.

Chukueni tukio ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili analijua. Ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani, na jini Huria ameamuru wapigwe mijeledi kila usiku, na mpigaji awe Adili. Tukisoma tunamhurumia. Tukifanya mtihani tunaandika maudhui: husuda, utii, msamaha. Lakini mchezo ungeuliza swali ambalo mtihani hauulizi. Mjeledi uko mkononi mwako, usiku umeingia, jini hasahau, na nyani anakutazama kwa macho ya nduguyo. Andika: unafanya nini? Tulilijaribu swali hili katika mkutano wa klabu, watu wanane tu chumbani, na mabishano yalikwenda mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Yalikuwa kwa Kiswahili kitupu. Hapana aliyekumbuka kuhamia Kiarabu.

Jambo la pili la Ultima IV ni namna ya kuzungumza na watu wa humo, na kwa upande wetu ndilo zito kuliko yote. Ukikutana na mwanakijiji huoneshwi orodha ya maswali. Unaandika neno: jina, kazi, hali. Anakujibu sentensi mbili, na ndani ya sentensi hizo kuna neno moja lenye ufunguo. Mzee kataja kisima? Muulize kisima. Kisima kikamkumbusha dada yake? Muulize dada. Asiyesoma kwa makini hapati kitu, na aliyelipata neno lazima aliandike yeye mwenyewe, herufi kwa herufi. Miaka iliyofuata michezo ilianza kumpangia mchezaji majibu matatu manne, achague moja kwa kubofya. Wengi waliona ni maendeleo. Sisi tunaona hapo kitu kilipungua. Kuchagua jibu lililokwisha kuandikwa ni hali ileile ya mjukuu wetu wa Mabela: ameelewa, na hajasema.

Wala haikuhitaji mashine kubwa. Diski ya kompyuta ya Apple II ilibeba kiasi cha kilobaiti 140 kila upande, pungufu ya picha moja ya simu zetu. Pool of Radiance na Wasteland, zote za mwaka 1988, zilipokosa nafasi ziliweka masimulizi marefu katika kijitabu cha kuchapwa. Mchezo unakwambia kasome kifungu namba fulani, na katikati ya vifungu vya kweli walichomeka vya uongo ili kuwapoteza wanaochungulia mbele. Msimulizi mjanja hakosi njia.

Kuna mchezo mmoja ambao tuliucheza kwa furaha na kwa kukereka pamoja. Ni Quest for Glory II wa mwaka 1990, wa mke na mume Lori Ann Cole na Corey Cole, uliotolewa na kampuni ya Sierra ya California. Mji wake, Shapeir, umejengwa kwa vipande vya Alfu Lela Ulela: majini, zulia linaloruka, vichochoro vya kupotea, na Sultani Harun anayejichanganya na raia akijifanya mshairi wa kawaida. Hadithi za Harun za namna hii ni zetu tangu zamani, bibi zetu wa Unguja na Pemba walizijua pamoja na vituko vya Abunuwasi. Zilipita Muskati, zikapita Zanzibar, kisha tukazikuta zimetungoja California zimevaa nguo za mgeni, zinasema Kiingereza, na mfanyabiashara wake anaitwa Abdulla Doo. Hatuwalaumu waliozichukua, kazi yao ni nzuri na ina upendo ndani yake. Tunajiuliza tu sisi tulikuwa wapi.

Waarabu wenzetu hawakukaa kimya. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait ilitoa kompyuta za Sakhr zenye herufi za Kiarabu, na watoto wa Ghuba wakaweza kuiandikia mashine kwa lugha ya nyumbani. Ilikuwa kazi ngumu ya uhandisi, kwa sababu mashine hazikuundwa kwa maandishi yanayokwenda kulia kwenda kushoto. Kiswahili cha leo kinaandikwa kwa herufi zilizopo kwenye kila kibodi duniani, bila hata alama ya juu. Kwa hiyo kisingizio cha mashine hatuna.

Basi rai yetu ni hii: klabu itunge na kutoa mchezo mmoja wa hadithi, wa maandishi, kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wa miaka kumi hadi kumi na tano wa nyumba zetu. Na tunapendekeza uwe wa Fumo Liyongo gerezani.

Kisa chenyewe ni kama kilitungwa kwa ajili hiyo. Liyongo amefungwa. Kijakazi Saada anamletea chakula, na walinzi wakikiona kizuri wanakila wao. Liyongo anampa Saada ujumbe wa kumpelekea mama yake, kwa wimbo, walinzi wakisikia na wasifahamu: atengeneze mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanamtupia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba apigiwe ngoma, na katika kelele za ngoma na nyimbo anakata pingu zake bila ya mtu kusikia.

Tunataka mchezaji awe Saada. Liyongo anajulikana na kila mtu. Saada ndiye mwenye kazi ngumu, na kazi yake ni ya lugha. Amesikia wimbo, lazima aukariri. Mlinzi mlangoni anamuuliza, "Kakwambia nini yule?" na mtoto wa Mabela aliyekaa mbele ya kompyuta lazima aandike jibu la Kiswahili litakalompitisha. Akinyamaza, lango halifunguki. Akisema sana, ameharibu. Akifika kwa mama, lazima aeleze mkate gani na kwa nini, kwa sababu mama mwenye mapenzi atataka kumpelekea mwanawe mkate mzuri wa ngano, na mkate huo utaishia tumboni kwa walinzi.

Chombo kipo. Twine, programu iliyotolewa na Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure, haimtaki mwandishi awe mhandisi, na hadithi iliyokamilika inafunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu. Kwa kawaida yake ni ya kubofya, lakini inaruhusu kuweka kisanduku cha mchezaji kuandika neno lake. Tunataka visanduku.

Ugumu upo, na wanaosoma mofolojia wameshauona. Mmarekani aliyeandika "go" alimaliza kazi kwa herufi mbili. Mtoto wetu anaweza kuandika nenda, naenda, nakwenda, nitakwenda, twende, ntakwenda, na zote ni sahihi, na mashine inazitazama kama vitu sita visivyojuana. Itabidi mtu akae aorodheshe, achambue mizizi na viambishi, aamue mashine itafute nini ndani ya neno. Wahandisi wetu wataiona kero. Kwa walimu wetu wa isimu tunadhani ni zoezi la muhula mzima, na lenye faida kuliko kuchambua kwa mara ya elfu sentensi ya Juma na mpira.

Wapo watakaosema watoto tayari wanacheza kupita kiasi, na kwamba klabu ya Kiswahili kazi yake ni vitabu. Tunakubali la kwanza. Ndiyo maana hatuhitaji kumshawishi mtoto akae mbele ya kioo, amekwishakaa, lakini kinachomsemesha hapo ni Kiingereza. Kuhusu vitabu, mchezo wa namna hii hauchezeki bila ya kusoma kila mstari, na tunaona ni rahisi zaidi kumpa mtoto utendi wa Liyongo baada ya kumsaidia Liyongo kutoroka kuliko kabla.

Kuna pia suala la fedha. Sehemu kubwa ya mfuko wa klabu huenda kwenye usiku wa taarabu, na hatutaki kuugusa usiku huo, pilau yake tunaipenda kama wengine. Lakini tumewaangalia watoto wanaoletwa pale. Wanakula, wanatazama, wanapigwa picha na kanzu na kanga, na kwenye gari wakirudi nyumbani wanazungumza Kiarabu na Kiingereza. Hawakuulizwa kitu usiku kucha. Tunaomba robo ya mfuko wa mwaka ujao, nyingi yake kwa ajili ya kurekodi sauti.

Jambo ambalo sisi wenyewe bado tunabishania ni Kiswahili gani. Baadhi yetu wanataka sanifu tupu, mtoto asichanganyikiwe. Wengine tunasema mtoto ataandika alichokisikia jikoni, na jikoni za hapa zina Kiunguja, zina Kipemba, na zina Kiswahili cha Bujumbura kwa waliotokea huko. Mlinzi wa gereza akimkatalia mtoto "n'nakwenda" ya bibi yake kwa kuwa haimo kwenye kamusi, mchezo utakuwa umefanya kazi ileile ambayo tunataka kuizuia. Tunaelekea kukubaliana kwamba mlinzi apokee zote, na mama yake Liyongo aseme kwa lafudhi ya Lamu, tukimpata msemaji.

Kwa kuanzia tunahitaji mtu wa mofolojia, mtu mmoja au wawili wa kompyuta wasiochoka haraka, na wanachama wenye wazee nyumbani walio tayari kurekodiwa. Na kwa ajili ya sauti za usiku wa ngoma, kama kuna anayejua kupiga upatu, tafadhali aje.